Kutoka kwa Subilaga

Ujumbe huingia tarehe tano, ukichelewa sana sita.
Simu ya mama inatetemeka juu ya kinu kilichogeuzwa
na mwenyewe, mikono ingali na harufu ya chai mbichi,
anauliza kabla sijaufungua:
Amesemaje?

Hajasema, mama. Ni mashine inayosema:
Umepokea shilingi laki mbili na themanini elfu
kutoka kwa SUBILAGA A MWAKALINGA.
Salio lako jipya ni hili. Saa kumi na dakika tatu.
Hakuna hamjambo, hakuna mvua ikoje huko.
Dada yangu amekuwa jina la herufi kubwa
lililobanwa katikati ya tarakimu.

Mwezi wa kwanza niliusoma kama ulivyo.
Mama akaenda zake kumkatia ng'ombe migomba.
Mwezi wa pili nikaongeza kidogo:
anasema joto la Maskati limepungua.
Wa tatu: anasema yule mama mwenye nyumba
amejifunza kusema ndaga.
Wa nne nikamuumiza jino, wa tano nikamponya.
Udongo wa Rungwe hauchagui mbegu;
unachomeka kijiti jioni, asubuhi kina jani.
Hata uongo.

Ukweli ninao daftarini:
mbolea mifuko miwili, chumvi ya ng'ombe,
ada ya Lugano, na viatu, maana alivaa vyangu hadi vikacheka,
mabati kumi na manne ya upande unaopigwa na mvua,
rambirambi ya mjomba Ndimyake
(hiyo Subilaga alituma bila kuuliza kwa nini ni kubwa),
na kila mwezi vocha ya mia tano
kwenye laini yake ya zamani, isife.
Hiyo sikuiandika.
Imo ndani ya simu yangu, ubavuni mwa laini yangu,
kama tulivyolala utotoni, blanketi moja,
ukungu wa Juni ukiingia hadi uvunguni.

Jana mama ameshuka Kiwira na mkungu kichwani,
amerudi na kata mkononi.
Akanipa elfu mbili iliyokunjwa mara nne,
ina joto la kifua.
Mtumie.
Nani, mama?
Subilaga. Na yeye apokee.

Nikaanza kueleza: kule ni nje, kuna viwango, kuna makato,
elfu mbili haivuki hata Kasumulu.
Akaniangalia kama anavyoangalia mgomba unaozaa majani tu.
Miaka miwili, akasema, simu inanitajia jina lake.
Yeye langu anatajiwa na nani?
Kisha, akiinama kuokota jembe:
Na lile jino, nilimuuliza Krismasi,
zile dakika nne alizopewa.
Hajawahi kuumwa jino.
Nikaona aibu imeniingia hadi masikioni.
Lakini usiache kusoma, akasema.

Bupe wa uwakala akaingiza elfu mbili kwa mama.
Radi ikaondoka na mtandao. Tukakaa, tukala karanga,
ukarudi.
Nikatuma kwa namba niliyoitunza
na mfuko wangu mwenyewe ukatetemeka:
Umepokea shilingi elfu moja na mia tisa
kutoka kwa SEKELA N MWASUMBI.
Bupe akacheka, jamani, unajitumia?
Sikuwa na jibu la kumtosha.
Nikaupiga picha ule ujumbe, nikaurusha Maskati.

Tiki moja.
Saa mbili usiku, tiki moja.
Mvua imeyapiga mabati yake, yale kumi na manne,
na sehemu tulipofika sufuria la kukingia ndipo hela ilipoishia.
Nilidhani mama amelala.
Akaita kutoka chumbani, sauti kavu, ya mtu aliyekuwa akihesabu:

Amesemaje?

Nikaishika simu gizani, bila kuiwasha,
nikaanza kusoma.